Andika, Mama, Nitalipa Kesho

Somo: Kumbukumbu la Torati 24:14–15

Wahubiri wa ziwa hili tunapenda sana Yohana 21, pale Bwana anapowachomea wavuvi samaki ufuoni. Hatukosei, sura nzima inanukia bandari yetu ya Kalundu. Lakini wiki hii naomba tuiache kando, kwa sababu chakula kile kilikuwa cha bure. Hiki tunacholishwa kila siku barabarani Uvira kina mwenyewe, ijapokuwa wengine wetu tunakila kana kwamba hakina.

Tunawajua akina mama wanaotuuzia chakula hicho, kuanzia Kavimvira hadi bandarini. Kabla hakujapambazuka mbabula imekwisha kushika moto, karai liko juu ya makala, unga uliokandwa jana umeumuka. Mama anachota donge kwa vidole, analisukuma mafutani kwa kidole gumba. Linazama, linaibuka, analigeuza. Mandazi ya kwanza anayatenga: hayo ni ya watoto wake kabla ya shule. Mchana karai lilelile linakaanga ndagala, pembeni kuna bugali na sombe. Motari anakula akiwa juu ya pikipiki. Mwalimu anakula ameipa barabara mgongo, wanafunzi wasimwone. Halafu linatoka lile neno: «Andika, mama, nitalipa kesho.» Naye anaandika, katika kidaftari ambacho kurasa zake zimelowa mafuta hadi kalamu inateleza.

Tumpigie hesabu. Hana stoo. Unga wa kesho unanunuliwa kwa franka za leo, na jioni likelemba, mchango wa zamu, inataka sehemu yake. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wa taa wanapumzisha nyavu, ndagala zinapanda bei, na siku hizohizo ndipo wateja tunazidi kuandikisha. Kumbukeni mwaka 2020: mpaka na Burundi umefungwa kwa ajili ya Korona, kisha mwezi wa Aprili mto Mulongwe ukafurika, ukabeba nyumba na watu. Vidaftari vingapi vilikwenda na maji yale? Na hata kama kimoja kilipona, nani angethubutu kwenda kumdai aliyebaki bila paa?

Musa anaagiza kibarua maskini apewe ujira wake siku ileile, jua lisitue juu yake, maana huo ndio anaoutegemea. Asije akamlilia Mungu, ikawa dhambi kwako. Utaniambia: Mchungaji, mama wa mandazi si kibarua wangu. Kweli. Kibarua ana bosi mmoja wa kumfuata mlangoni. Huyu ana mabosi kama arobaini, na kila mmoja anajiambia kwamba franka 500 zake si kitu.

Simsemi mwalimu ambaye mshahara wake haujafika. Deni lake lina baba mwingine, yule anayemcheleweshea mshahara, na agizo la Musa linamhusu huyo pia. Namsema yule ambaye ya bia ipo, ya mama haipo.

Na tusidhani hasara inabaki kwake peke yake. Mama asiyelipwa anapunguza kwanza pale pasipoonekana: sabuni ya sahani, makala ya kuchemshia maji, mafuta mapya. Katika mji uliozoeana na kipindupindu miaka yote hii, deni letu linaweza kuturudia tumboni.

Bwana Yesu alisema ukiwa madhabahuni na ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapo, uende kwanza ukapatane naye. Kwa hiyo nimekwisha kuongea na wahudumu wa mlangoni. Jumapili hii, mtu akiinuka kabla kikapu hakijamfikia akashika njia ya sokoni, wasimwulize kitu. Wengine hawatakuwa na safari ndefu: mama mwenyewe anakaa benchi la tatu, upande wa wanakwaya.