Jina Moja, Mlango Mmoja

Katika desturi ya watu wa pwani, mtu akikutana na mwenziwe mwenye jina kama lake hamdai fidia wala hamwonei kijicho, bali humwita somo, na kwa neno hilo huanza baina yao mapenzi ambayo jana hayakuwako. Baba humpa mwanawe jina la babu bila ya kumpokonya marehemu kitu, na katika mtaa mmoja akina Ali wanne huishi kwa amani, wakipambanuliwa kwa majina ya baba zao au kwa kazi za mikono yao. Lakini intaneti imeleta mastakimu ya namna nyingine, ambamo wenye jina moja hawapati nafasi ya kuwa somo, kwa sababu anwani ya tovuti ni moja tu duniani kote, na aishikaye kwanza huwafungia mlango wengine wote. Ndipo lilipozuka suali ambalo hukumu za mahakama peke yake haziwezi kulimaliza: jina ni milki ya nani?

Tuitazame kadhia ya Uzi Nissan, mzaliwa wa Jerusalem aliyehamia Marekani na kufanya biashara North Carolina. Jina lake alilirithi kwa ukoo, nalo ni jina la mwezi katika kalenda ya Kiyahudi, ambalo Waarabu wa Shamu nao huliitia mwezi wa Aprili. Mwaka 1980 aliliweka jina hilo juu ya karakana yake ya magari, wakati ambapo kampuni ya Kijapani ya Nissan ilikuwa ikiuza magari yake Marekani kwa jina la Datsun. Na mwaka 1994, akiwa sasa katika biashara ya kompyuta, aliandikisha anwani ya nissan.com. Kampuni ile, ambayo jina lake ni mkato wa maneno Nihon Sangyo, yaani viwanda vya Japani, ilimshitaki Desemba 1999 ikidai dola milioni 10. Hivyo majina mawili yaliyozaliwa katika lugha zisizojuana, moja la majira na moja la viwanda, yakasimamishwa mbele ya hakimu kana kwamba moja limeiba sura ya jingine. Baada ya miaka mingi ya mashauri na gharama nzito, mtu yule alibaki na anwani yake hata alipofariki mwaka 2020.

Sheria ya alama za biashara, tangu kabla ya tovuti, ina insafu ambayo yafaa ikumbukwe. Alama haimkatazi mtu kulitamka neno. Humkataza kumpotosha mnunuzi. Kwa ajili hiyo bidhaa na huduma zimepangwa kimataifa katika mafungu 45, na muuza sabuni na muuza matrekta waweza kutumia jina moja pasipo mmoja kumdhulumu mwenziwe. Anwani ya tovuti haijui mafungu hayo, na kilichokuwa kikigawika kwa wema kimegeuka kitu cha kugombewa.

Wanazuoni wa Kiislamu nao hawakulipuuza jambo hili. Desemba 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha tano huko Kuwait, liliamua kwamba jina la biashara na alama yake ni haki zenye thamani ya mali, wala haijuzu kuzivamia, na kwamba mwenyewe aweza kuziuza madhali hapana gharari, hadaa wala ghushi. Naukubali uamuzi huo kwa moyo wote, lakini najiuliza thamani hiyo hutoka wapi. Haitoki katika herufi, maana herufi ni za kila mtu. Hutoka katika imani ya wanunuzi, ambao wametendewa wema mara nyingi mpaka wakaliamini jina kabla ya kuikagua bidhaa. Ikiwa ndivyo, mwenye jina ameshika amana ya watu wengi, na anayeligeuza kwa herufi moja ili awanase wateja wa mwingine huiba imani yao.

Kwa hiyo utaratibu wa kimataifa wa kuamua ugomvi wa anwani, uliopitishwa mwaka 1999, hauridhiki na kufanana kwa majina. Hutaka pia ithibitishwe kwamba mshitakiwa hana haki katika jina hilo, na kwamba aliliandikisha na kulitumia kwa nia mbaya. Hapa sheria ya dunia imeugusa mlango wa dini, kwa kuwa matendo hupimwa kwa nia. Hata hivyo nia njema nayo ina wajibu: mahakama ya rufani mwaka 2004 iliona kosa la Uzi Nissan katika matangazo ya magari aliyoyaweka kwenye tovuti yake, si katika kulichukua jina la baba yake.

Mgeni akimwulizia Ali katika nyumba siyo, mwenye nyumba mwungwana hamwambii kwamba Ali ni yeye peke yake, wala hamwuzii alichokuja kukinunua kwa mwingine; humtuma mtoto amwongoze mpaka kwenye mlango wa somo yake. Wenye tovuti waweza kufanya hivyo kwa mstari mmoja wa maandishi, na wenye makampuni makubwa waweza kuuomba mstari huo kwa adabu kabla ya kumwendea wakili.