Ng'ombe wa Mguu Mfupi na Simu ya Mama Mjane

Masomo: Walawi 22:17-25, Malaki 1:14, Mithali 20:14

Nawasalimu ninyi nyote mlio Nakivale, Kyaka II na Kyangwali, na jamaa tunaosali nao hapa Bwaise. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu, ingawa kila mvua ikinyesha mfereji wa Nsooba unatukumbusha kupandisha magodoro juu ya meza.

Leo nataka kusema nanyi juu ya simu. Msicheke. Mnajua ni wangapi kati yenu hututumia pesa sisi wa Kampala tuwanunulie simu mjini. Na mnajua pia ni maneno mangapi yamezaliwa kwa sababu ya simu hizo. Ziko nyumba mbili katika kanisa letu, sitazitaja, ambazo tangu simu moja ifike kambini ikiwa na mkwaruzo mdogo na kitufe kilicholegea hazisalimiani tena. Mmoja anasema, "Alikula pesa akaninunulia ya mitumba." Mwingine anasema, "Nilizunguka mjini kutwa nzima kwa nauli yangu, shukrani ni kuitwa mwizi." Nilipokuwa nawaza jinsi ya kuwapatanisha, Mungu alinionyesha kwamba mimi mwenyewe nina kesi yangu. Basi nianze na yangu.

Mama mmoja mjane wa Nakivale alinitumia shilingi 320,000. Nazijua pesa zile zilitoka wapi: maharagwe, mahindi, na mbuzi mmoja aliyeuzwa kabla ya wakati wake. Alitaka simu ya kugusa, mpya, si iliyotumika. Sababu yake ilikuwa moja. Mtoto wake wa kwanza alibaki Goma. Tangu M23 walipouteka mji ule mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, kijana humpigia mama yake kwa WhatsApp kupitia simu za watu, siku apatapo nafasi. Kitochi cha mama hakipokei WhatsApp. Humlazimu kukimbia kwa jirani, na mara nyingine jirani yuko shambani.

Nikaenda mjini siku ya Jumatatu, nikanunua, nikarudi Bwaise kwa taksi. Usiku, chini ya balbu, nikaifungua vizuri. Nikaona mambo matatu. Kitufe cha sauti kilikuwa kinacheza. Ukiitikisa simu unasikia kama punje ya mahindi ndani ya kibuyu. Kona moja ya mgongo wa simu haikukaa sawa, ukucha uliingia. Na kwenye kioo, kikiwa cheusi, palikuwa na nukta nyeupe, ndogo kama chembe ya mchanga, isiyoondoka hata ukifuta. Mengine yote yalikuwa mazuri. Iliita, ilipokea, ilipiga picha, ilishika chaji.

Sasa sikieni moyo wa mchungaji wenu ulivyosema. Ulisema, "Mama huyu hajawahi kumiliki simu ya namna hii. Hataona." Halafu ukaongeza, "Hata akiona, atadhani ndivyo zinavyotengenezwa." Nikarudisha simu katika boksi, nikaliweka juu ya kabati mbali na maji. Siku tatu lilikaa pale. Jumatano, katikati, niliongoza maombi ya katikati ya juma, na nikaomba kwa nguvu.

Usiku wa siku ya tatu zamu yangu ya kusoma ilikuwa Walawi 22. Nikiri kwamba tulipokuwa chuo cha Biblia sura hii tuliipita mbio. Ni sura ya wanyama wa sadaka: huyu anafaa, huyu hafai. Mstari wa 22 unakataa kabisa mnyama kipofu, aliyevunjika, mwenye vidonda. Hapo hakuna mjadala. Lakini soma polepole mstari wa 23. Unamtaja ng'ombe au kondoo ambaye kiungo chake kimezidi au kimepungua, tuseme mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi. Huyo, Mungu anasema, waweza kumleta kama sadaka ya hiari. Ila ukimleta kulipa nadhiri, hapokelewi.

Ndugu zangu, ng'ombe ni yuleyule! Mguu ni uleule. Kilichobadilika ni neno ulilotamka kabla ya kumleta. Kama hukuahidi kitu, ukaja tu kwa furaha ya moyo, mguu mfupi hauzuii. Kama uliahidi, Mungu anapima mnyama kwa ahadi yako. Malaki 1:14 inashuka na laana juu ya mtu ambaye zizini ana dume zima, ameweka nadhiri ya dume zima, kisha siku ya kutoa anachomoa mwenye kilema akidhani madhabahuni hakuna macho.

Pale ndipo niliposhikwa. Mimi nilikuwa napima nukta: ni ndogo au ni kubwa? Mungu alikuwa anapima neno langu. Kama ningempa mama yule simu kwa hiari yangu, zawadi ya Krismasi, ile nukta isingekuwa kitu, angeimba. Lakini nilipokea pesa zake nikasema, "Mama, nitakununulia mpya, nzima." Hiyo ilikuwa nadhiri. Zaidi ya hapo, kule hekaluni aliyemkagua mnyama alikuwa kuhani, wala si mwenye kumleta. Mimi nilikuwa nimeleta mnyama na papo hapo nikajifanya kuhani, nikajipokelea mwenyewe. Aliyekuwa na haki ya kusema "inafaa" alikuwa Nakivale, na hakuwa amejua lolote.

Alhamisi asubuhi nikarudi dukani. Kijana mmoja wa kwaya alinisindikiza, maana yeye anajua Luganda kuliko mimi. Njiani akanishauri, "Pasta, usiseme habari ya nukta, watakucheka. Sema inajizima yenyewe. Hapo watabadilisha haraka." Nawaambia kweli, lilikuwa shauri tamu. Lakini Mithali 20:14 inamchora mnunuzi anayekiponda kitu mbele ya muuzaji, kisha akigeuka anajisifu jinsi alivyompata. Tumezoea kuhubiri juu ya mizani ya udanganyifu ya wauzaji. Mnunuzi naye ana mizani yake, na imo mdomoni. Kufanya dosari ndogo iwe kubwa ili ubadilishiwe, na kufanya dosari kubwa iwe ndogo ili usionekane umekosea, ni uongo mmoja uliovaa nguo mbili.

Basi tukasema ilivyo. Muuzaji alikunja uso, akasema hayo ni kawaida. Tulimwomba afungue nyingine mbili za aina ileile. Tukazitikisa: vitufe vyote vililia! Ndivyo zilivyotengenezwa. Mimi nilikuwa nimeibebea mashtaka ambayo hayakuwa yake. Kwa hiyo, wapendwa, kabla hujasema simu yako ina kasoro, ilinganishe na ndugu zake waliotoka kiwanda kimoja.

Kona ya mgongo aliibonyeza kwa kidole gumba, ikalia "ta!", ikakaa. Kibanio cha plastiki hakikuwa kimeingia. Lakini hapa niwaonye. Mgongo uliokaa vibaya tangu kiwandani ni jambo dogo; mgongo unaoinuka siku baada ya siku ni jambo jingine. Huo mara nyingi ni betri inayovimba. Zima simu, usiichaji, usiibonyeze, peleka kwa fundi, na usilale nayo karibu na watoto. Mwaka 2016 kampuni ya Samsung iliita zirudishwe karibu simu milioni 2.5 za Galaxy Note 7, na mwezi Oktoba mwaka huohuo ikaacha kabisa kuzitengeneza, kwa sababu zilikuwa zikishika moto. Mwezi wa Januari 2017 ilieleza kwamba katika betri za kundi la kwanza kosa lilikuwa kwenye kona moja tu, iliyobanwa. Hiyo ni ya mstari wa 22. Usiipeleke popote isipokuwa kulikostahili.

Ikabaki nukta. Kioo cha simu kimejaa nukta nyingi sana, na kila moja ina vijinukta vitatu ndani yake, chekundu, kijani na buluu. Vyote vitatu vikikwama vikiwaka, ndiyo hiyo chembe. Mwaka 2001 shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilitoa kanuni iliyogawa vioo katika madaraja: daraja la kwanza halikuwa na nukta mbovu hata moja, daraja la pili liliruhusu chache katika kila nukta milioni. Niliposikia hivyo nilitabasamu, nikawaza kwamba Walawi walikuwa wametangulia. Muuzaji hakukubali kubadilisha, lakini alisema atanirudishia shilingi 20,000. Nikamwambia pesa si zangu, nitamuuliza mwenyewe.

Nikampigia mama nikiwa palepale kwenye kaunta. Nikamweleza yote matatu, na jinsi mawili yalivyokwisha. Alinyamaza. Kisha akauliza:

"Pasta, uliinunua siku gani?"

"Jumatatu, Mama."

"Leo ni Alhamisi."

Hakusema zaidi juu ya hilo, na mimi sikuwa na la kujibu isipokuwa kumwomba msamaha, mbele ya muuzaji na mbele ya kijana wa kwaya. Yeye hakuumizwa na nukta. Aliumizwa na siku tatu. Halafu akauliza kama simu inaita kwa sauti ya kusikika kutoka shambani. Nikasema ndiyo. Akauliza kama sura ya mtu inaonekana. Nikasema inaonekana. "Basi ichukue hivyohivyo, na hizo elfu ishirini uniwekee bando."

Angalieni anavyopima mama. Kwake jambo la kwanza ni mlio. Spika inayokoroma kidogo, kwa kijana anayetaka muziki, ni kasoro ndogo. Kwa mama anayengoja simu moja kutoka Goma, au kwa baba anayengoja kuitwa kwenye usaili wa safari, ni kasoro kubwa kuliko kioo kilichopasuka. Kwa hiyo ukitumwa, usijiamulie wewe lipi ni dogo. Uliza kwanza simu ni ya kazi gani.

Na mnaotumwa, fungueni boksi dukani kabla ya kutoa pesa, si nyumbani usiku kama mimi. Piga *#06# uone kama namba inayotokea ni ileile iliyoandikwa kwenye boksi. Fungua picha nyeupe na picha nyeusi utafute nukta. Pitisha kidole kwenye kingo zote. Mpigie mtu, msikilizane. Ichomeke kwenye chaji uione ikishika. Risiti iandikwe tarehe na namba ile, na uipige picha umtumie mwenye pesa saa ileile. Mwenzenu akikuonyesha dosari kabla hujanunua, nawe ukanunua, usirudi kesho na kelele. Hata sheria ya Uganda ya mwaka 2017 ya uuzaji wa bidhaa inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa, lakini haimwajibishi kwa kasoro aliyokuonyesha wazi kabla ya mapatano. Wengi wetu tunaogopa kurudi dukani kwa sababu lugha inatushinda na karatasi zetu ni za ukimbizi. Rudini, kwa upole. Sheria hiyo inalinda mnunuzi, wala haimuulizi alizaliwa Masisi au Masaka.

Najua wengine mlitegemea niseme kwamba sisi wanadamu ndio simu zenye kasoro na Mungu ndiye fundi. Mahubiri hayo ni mazuri na mmeyasikia. Leo nimebaki na simu yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyotugombanisha.

Sasa nirudi kwa zile nyumba mbili. Wewe uliyenunua: je, ulikiona kile kitufe kabla ya kutuma? Kama ulikiona ukanyamaza, hukula pesa, lakini kuna neno unalodaiwa. Wewe uliyepokea: je, uliilinganisha na nyingine, au ulianza na neno "mwizi"? Neno hilo nalo lina deni lake. Nimeongea na wazee wa kanisa la Nakivale, nao wamekubali kuketi nanyi Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada. Mimi nitakuwepo, Mungu akipenda, nitapanda basi la Mbarara Jumamosi. Leteni simu yenyewe, boksi na risiti. Asije mtu na mashahidi wa maneno ya kusikia.

Mama mjane ameniruhusu kuandika habari hii, bila jina lake. Simu ilimfikia. Kijana wake alipiga kwa WhatsApp siku ya nane, wakaonana uso kwa uso kwa dakika chache kabla mtandao haujakatika. Tuendelee kumwombea, na wote walio katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini ambao hatujasikia sauti zao.

Neema ya Bwana iwe nanyi. Amina.

Ni mimi mchungaji wenu, Bwaise, Kampala.