Kulindwa na Uovu Bado Sio Fadhila



Wengi wenu mmeitazama The Godfather, filamu ya Francis Ford Coppola ya mwaka 1972 iliyotokana na riwaya ya Mario Puzo. Jina lake maana yake ni baba wa ubatizo, kwa hiyo sisi Wakatoliki linatugusa mapema. Leo tumwangalie Michael, mtoto wa mwisho wa kiume wa Vito Corleone, bosi wa mafia jijini New York.

Michael amelindwa. Baba yake hamtaki kabisa kwenye biashara ya familia, anatamani siku moja awe seneta au gavana. Kijana amesoma chuo, amepigana Vita Kuu ya Pili, amerudi na nishani. Kwenye harusi ya dada yake anamsimulia mpenzi wake Kay ukatili wa baba yao, halafu anamhakikishia kwamba yeye hayumo.

Je, wakati ule Michael alikuwa mwema?

Mimi nasema alikuwa hajajaribiwa tu. Aristotle alifundisha kwamba mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki, tena na tena. Kama umekaa mbali na uovu kwa sababu baba kakufungia mlango, bado hujasema hapana kwa kinywa chako mwenyewe.

Na tazameni uovu ulivyomwingia. Haukupitia chuki wala tamaa ya pesa, ulipitia upendo. Baba yake kapigwa risasi, yuko hospitalini, walinzi wameondolewa. Michael anamhamishia chumba kingine, kisha anasimama nje kumlinda bila silaha. Hapo ni mwana mwema kweli! Muda si mrefu, kwa sababu ileile ya kumlinda baba, anaua watu wawili mgahawani, mmoja wao kapteni wa polisi.

Katekisimu, namba 1753, inatufundisha kwamba nia njema haigeuzi tendo ovu kuwa jema. Namba 1865 inaongeza kwamba dhambi huzaa mwelekeo wa dhambi, na ikirudiwa huwa kilema. Ndivyo ilivyokuwa kwake. Anasimama kanisani kama baba wa ubatizo wa mtoto wa dada yake, anajibu kwamba anamkataa Shetani, na dakika hizohizo watu wake wanawaua wapinzani wake. Baadaye anaamuru baba wa mtoto yule auawe. Katika filamu ya pili, ni kaka yake Fredo. Jamani, aliyeanza kwa kuilinda familia anamaliza kwa kuiua!

Sisi hatutaombwa bastola. Tutaombwa sahihi kwenye risiti ya uongo, kwenye kazi ya kwanza, wakati mdogo wako nyumbani anasubiri ada. Ada ni jambo jema, na ndiyo maana hapo ni rahisi kuteleza. Malezi ya nyumbani na ya parokia ni zawadi kubwa, lakini hayatajibu kwa niaba yako siku hiyo. Zoea kusema hapana kwenye madogo.

Katika filamu ya tatu, Michael mzee anaungama kwa kardinali huku analia. Mlango wa huruma ulikuwa wazi hata kwake. Lakini baada ya pale mauaji yanaendelea. Machozi bila kusudi la kuacha hayatoshi.

Swali la kutafakari wiki hii: ni kitu gani chema unakipenda kiasi kwamba ungeweza kutenda uovu kwa ajili yake? Kitaje leo mbele ya Ekaristi, ukikabidhi kwa Mungu.