Nani Kakuruhusu Kunishika Mgongo?

Uingereza ina sheria ya mwaka 1993 inayolinda neno moja. Ukijiita osteopathi, yaani mtu anayetibu mgongo, viungo na misuli kwa mikono yake, na humo kwenye rejista ya General Osteopathic Council, umetenda kosa la jinai. Kuingia kwenye rejista hiyo kunadai sifa ya kitaaluma iliyoidhinishwa, ambayo kwa kawaida ni shahada ya miaka minne au zaidi, bima ya kumlipa utakayemuumiza, na ada ya kila mwaka. Lakini ukiitazama vizuri sheria hiyo unaona kinacholindwa ni jina. Anayeminya migongo ya watu huku akijiita kitu kingine, haimgusi.

Neno lenyewe limetoka mbali. Andrew Taylor Still, aliyejifunza udaktari kwa kumsaidia baba yake, alitangaza elimu yake mpya mwaka 1874, na mwaka 1892 akafungua chuo Kirksville, Missouri. Kabla ya hapo alizunguka akijitangaza kuwa muunga mifupa mwenye kasi ya radi. Leo wanaohitimu vyuo vya osteopathia Marekani ni madaktari kamili: wanaandika dawa, wanapasua. Uingereza, alikofungua chuo mwanafunzi wake John Martin Littlejohn mwaka 1917, osteopathi si daktari. Na Still mwenyewe, kwa masharti ya leo, asingesajiliwa popote.

Neno hilo limefika kwetu pia. Niliwahi kuliona limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa fremu moja mjini Mbeya, chini ya orodha ya kiuno, nyonga na ganzi ya miguu. Sikuingia. Mwenye fremu simjui, na sina sababu ya kumshuku. Ila hapo ndipo swali langu lilipoanzia: mtu nisiyemjua anapata wapi haki ya kushika shingo yangu na kuizungusha?

Sisi tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, iliyounda Baraza na Msajili wake. Mganga anayeomba usajili huanzia kwa viongozi wa kijiji au mtaa wake, kisha kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri, ndipo karatasi zinasonga mbele. Wenzangu wa shahada ya uzamili hapa Iringa huicheka hatua ya kwanza. Mtendaji wa kijiji anajua nini kuhusu mifupa? Mimi naiona ina hekima kuliko wanavyodhani. Kijijini, mguu uliounganishwa vibaya haupotei. Unapita mbele ya nyumba ya aliyeuunga kila siku, unachechemea kwenda kisimani, unachechemea kwenda kanisani. Hiyo nayo ni rejista, na hakuna anayelipia ada ili jina lake libaki humo.

(Kilomita chache kutoka ninapoandika haya, Kalenga, kuna fuvu la Mkwawa. Gavana Twining alikwenda Bremen mwaka 1953, akalichagua miongoni mwa mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu wa mtawala huyo, na mwaka uliofuata likarudishwa. Wapo wanaotilia shaka vipimo vile hadi leo. Lakini fuvu lile ni la Mkwawa kwa sababu Wahehe walilipokea. Nalikumbuka kila nikisikia kwamba jamii haiwezi kuthibitisha kitu.)

Hata hivyo kijiji huthibitisha tabia kwa urahisi kuliko ujuzi. Na kuna makosa ambayo hayasubiri mtu achechemee.

Mtoto wa mjomba wangu alianguka na bodaboda karibu na Uyole, akavunjika mguu chini ya goti. Hospitali waliyompeleka ilisema anahitaji vyuma, ikataja bei. Mjomba aliomba siku mbili za kutafuta pesa, hakuzipata, akamrudisha kijana Rungwe kwa mzee mmoja anayeunga mifupa. Nilikwenda kumwona wiki ya pili. Mguu ulikuwa katikati ya mabanzi ya mianzi yaliyofungwa kwa kamba za kitambaa. Mzee alikuja asubuhi na jioni, akabonyeza kucha za vidole vya mguu ule na kutazama kama wekundu unarudi. Siku niliyokuwepo alilegeza kamba.

“Shikamoo babu. Hii ya kubonyeza kucha ulisomea wapi?”

“Marahaba. Baba yangu alimfunga mtu akakaza mno. Mguu ukapoa, ukawa mweusi, wakaukata Mbeya. Baba hakufunga mfupa mwingine mpaka anakufa. Alinifundisha mimi, lakini mwenyewe hakufunga tena.”

Nikamuuliza kama kuna anaowakataa. Mfupa uliotoboa ngozi, akasema. Na wa shingo. Na mtoto mwenye homa.

Kijana alipona baada ya miezi mitatu hivi. Mguu umepinda kidogo, anacheza mpira lakini si winga tena. Kwa vyuma pengine ungenyooka, na sitaki kuiremba habari hii ionekane kama ushindi wa mianzi dhidi ya hospitali. Umaskini ndio ulioamua, mzee alipokea tu kilicholetwa.

Ila tangu siku ile nimeanza kutilia shaka namna tunavyouliza kuhusu sifa za mtabibu. Tunauliza amesoma miaka mingapi na karatasi yake imetoka wapi. Ni maswali halali. Miaka minne darasani humfundisha mtu hatari ambazo vinginevyo angezijua kwa kukata mguu wa jirani, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuwa na vyuo. Lakini kinachonilinda mimi niliyelala kifudifudi ni vitu viwili: aliyenishika ajue ujuzi wake unaishia wapi, na akiniumiza pawe na mahali pa kumpata. Mzee ana vyote viwili bila rejista. Mtu anaweza kuwa na cheti ukutani na asiwe na hata kimoja, akahama fremu mwezi ujao.

Mwenzangu mmoja anayesoma sheria aliniambia mzee ana vyote hivyo kwa sababu wanaomjia ni majirani. Kweli. Nami ningeishia hapo, isipokuwa majirani sasa si peke yao. Wanakuja watu kutoka Chunya, kutoka Songwe, wamebebwa kwenye Noah usiku. Wakipona au wakilemaa, mzee hatawaona wakipita mbele ya nyumba yake. Kwa watu hao yeye ni mgeni kama yule wa fremu, na sioni hoja ya kumwondolea wajibu wa kusajiliwa. Nilimwambia. Akasema wanaomhitaji wanamjua.

Mwezi uliopita mjukuu wake alinitumia ujumbe niwasaidie kuandika tangazo la WhatsApp. Nikaandika jina la babu, kijiji, namba ya simu, na mstari unaosema mfupa uliotoboa ngozi upelekwe hospitali moja kwa moja. Tangazo limesambaa bila mstari ule. Nilipouliza, kijana alinijibu kwa sauti iliyorekodiwa, huku akicheka: “Kaka, nani anatangaza asichokiweza?”