Sauti Yetu Inamwendea Nani?



Mwaka uliopita tulifanya nsinsani ili tupate bafle ndogo ya betri, ile ya kubeba mkononi, itusaidie katika maombi ya nyumba kwa nyumba, kwa wagonjwa na kwenye matanga. Wamama waliwashinda wapapa, kama kawaida yao. Sababu mnaijua: umeme wa Bendera ukikatika hapa Kalemie, vyombo vikubwa vya kanisa vinakuwa meza tu za kuwekea vitabu. Pesa ilipotimia tulitumwa sokoni watu wanne. Tulidhani ni kazi ya asubuhi moja. Kumbe tulikuwa tumebebeshwa swali ambalo si la bei: sauti yetu inamwendea nani, na nani ametupa ruhusa ya kuingia nyumbani mwake bila kubisha hodi?

Muuzaji alituwekea bafle mbili, zote zimevuka ziwa kutoka Kigoma. Ya kwanza ilikuwa na taa za rangi, na juu ya sanduku lake imeandikwa wati 1000. Alipoifungulia muziki, vifua vyetu vilitetemeka, na vijana wa korali wakaanza kucheka kwa furaha. Ya pili ilikuwa nyeusi, haina taa, imeandikwa wati 5. Tulichukua ya taa. Tuseme ukweli mbele ya Mungu: tuliona haya kurudi mbele ya kanisa na kitu kidogo.

Jumatano ya kwanza tukafanya maombi katika kiwanja cha ndugu mmoja, tukaifungua mpaka mwisho. Mama mzee wetu mmoja, aliyekaa mbele kabisa, alituambia baadaye, «Nasikia kishindo, wanangu, lakini neno silisikii.» Tukadhani ni uzee. Siku tatu zilipopita jirani wa kiwanja kile, baba ambaye si wa kanisa letu, alikutana na mmoja wetu njiani. Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za nyumbani. Kisha akasema bila hasira, «Jumatano mliomba sana. Mtoto wetu alikuwa na homa, hakulala.»

Ndugu, neno lile lilituchoma. Kwa maana jioni ileile, katika bafle ileile, tulikuwa tumewaombea wagonjwa wote wa mji.

Tulipolileta jambo hili mbele ya kikundi, vijana walisema: mabaa yanapiga muziki hadi usiku wa manane na hakuna anayeyanyamazisha, kwa nini Neno la Mungu ndilo linyenyekee? Hoja hii ina uzito, tusiidharau. Injili haikutolewa ili ifichwe chini ya kitanda. Lakini mwenye homa, akilala gizani, hatofautishi kishindo cha baa na kishindo chetu. Kwake sisi na baa tumekuwa kitu kimoja, na sisi ndio tuliojifananisha.

Tena kuna jambo la ndani zaidi. Mtu anaposema kwa kinywa chake, pumzi yake ina mpaka. Anayemsikia anamwona, anaweza kumwambia «punguza», au «sikuelewa, rudia», au kuondoka zake. Wote wawili wana kinywa kimoja kimoja. Chombo hiki kinavunja usawa huo: sisi tunamfikia jirani, yeye hawezi kutufikia. Kunyamaza kwake tunakuita kukubali, kumbe ni adabu tu, au ni woga wa kuonekana anapigana na watu wa Mungu. Je, kumsemesha mtu asiyeweza kujibu bado ni kuhubiri? Sisi tunaona sivyo. Mmoja kati yetu hakubali yote: anasema kwenye matanga mtaa wote ni jamaa, basi sauti ifike mbali. Kwa matanga ya mchana tumempa haki yake.

Someni Nehemia sura ya 8. Ezra alisimama juu ya jukwaa la mti, na mkutano ulikuwa mkubwa, wanaume kwa wanawake. Hakupewa chombo cha kuongeza sauti. Walawi walikuwako pamoja na watu, wakiwafafanulia sheria mpaka wakaelewa. Tunafahamu kwamba si sauti iliyokuzwa, ni wasemaji waliosogea.

Na wenye elimu ya sauti wanakubaliana na hilo bila kujua. Mahali pa wazi, ukikata umbali kati ya bafle na msikilizaji uwe nusu, sauti inamwongezekea desibeli 6 hivi. Kuzipata desibeli 6 hizo bila kusogea, lazima uzidishe nguvu mara 4. Yaani hatua chache za miguu zinashinda pesa nyingi, na betri haichoki. Hii ndiyo faida ya chombo kidogo: kinabebwa, kinawekwa katikati ya duara la watu, karibu na mwenye masikio mazito, wala hakihitaji kupiga kelele hadi ng'ambo ya ukuta.

Basi tulirudi sokoni. Muuzaji alikubali kuichukua ile ya taa kwa kukata sehemu ya pesa, na hasara hiyo tuliilipa mifukoni mwetu, si katika matoleo. Safari hii tulimchukua mama mzee. Tulikuwa tumerekodi kwa simu mtu akisoma Zaburi, tukaiweka kwenye kadi. Mama akasimama hatua 10, ametupa mgongo, akawa anarudia maneno anayosikia. Uzee unaondoa kwanza sauti nyembamba, kama s na f na t, ambazo ndizo zinazotenganisha neno na neno. Bafle yenye kishindo kizito inazifunika. Kwa ile nyeusi alirudia karibu kila mstari.

Tulisoma pia maandishi ya betri, kazi ambayo ya kwanza hatukuifanya. Ile ya wati 1000 ilikuwa na betri ya volti 3.7 na miliampea-saa 1200. Pigeni hesabu: kama kweli ingetoa wati 1000, betri ingekwisha kwa sekunde 16. Sanduku lilikuwa linadanganya, nasi tulikuwa tunataka kutangaza kweli kwa kinywa chake. (Betri hizi zina lithiamu, ile iliyolala ardhini Manono, katika provinsi yetu hii. Zinaturudia kutoka mbali zikiwa ghali. Hilo ni la siku nyingine.) Ikivimba au ikifa, isitupwe motoni wala ziwani.

Kabla ya maombi ya kwanza na bafle mpya, wawili wetu walikwenda kwa yule baba. Tukamwomba msamaha, tukamwonyesha chombo, tukamwambia akituma mtoto kusema «punguzeni», tutapunguza. Amekwisha kumtuma mara mbili. Mara ya pili mtoto hakurudi upesi. Alikaa na watoto wetu mpaka wimbo ukaisha.

Bafle inalala kwa mama mhazini. Kikundi kinachoihitaji kimwone kabla ya Jumatano, na kiirudishe pamoja na waya wake.