Lumbesa ya Barabarani

Mkulima wa Bashay au wa Basotu akiulizwa lumbesa ni nini, hana haja ya kutazama kamusi. Ni gunia lile lililovikwa kilemba juu, ambalo mnunuzi hulilipia kama moja, nalo lina mzigo wa gunia moja na zaidi. Sheria ya Vipimo yakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na kila mwenye dhamiri nyofu hukiri kwamba lumbesa ni wizi. Basi yafaa tujiulize: ikiwa gunia lililozidishwa ni wizi, lori lililozidishwa tuliiteje?

Swali hili lawagusa sana watu wa Mbulu na Hanang. Reli haifiki kwao: ile itokayo bandari ya Tanga huishia Arusha, na tawi la Reli ya Kati huishia Singida. Kwa hiyo ngano ya Hanang na vitunguu saumu vya Mbulu sharti vipande lori. Nayo mbolea ishushwayo bandarini Dar es Salaam sharti imalize safari yake kwa lori. Wachunguzi wa mambo ya bandari hutufundisha kwamba bandari haipimwi kwa kina cha maji na wingi wa gati tu, bali hata kwa njia ziendazo bara. Gati lina faida gani kwa mkulima ambaye barabara yake imekufa?

Barabara nazo hufa kwa kadiri iliyokwisha kupimwa. Kati ya mwaka 1958 na 1960, katika jimbo la Illinois huko Marekani, wahandisi walipitisha malori ya uzito mbalimbali juu ya barabara za majaribio, tena na tena, mpaka zikachakaa. Wakaona kwamba madhara hayaongezeki sawasawa na mzigo. Ekseli ikibebeshwa uzito maradufu, huumiza barabara kama mara 16. Ekseli ya tani 10 ikitwikwa tani 12, madhara huwa karibu mara mbili. Ndiyo sababu sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka mpaka: lori na shehena yake visizidi tani 56, na kila ekseli ina kipimo chake.

Mwenye lori atajibu: “Nimemwibia nani? Lori ni langu, na mkulima mwenyewe ameniomba nichukue yote kwa safari moja ili nauli ipungue.” Hoja hii si ya kudharauliwa. Dizeli ni ghali, tena safari moja hula mafuta machache kuliko mbili. Lakini mali ya wote si mali isiyo na mwenyewe. Anayeibiwa ni yule asiyekuwapo wakati wa kupakia: mama mjamzito anayekimbizwa hospitali usiku juu ya mashimo, na kijiji kisichopata barabara kwa kuwa fedha zimekwenda kuziba iliyoharibiwa. Na ile dizeli iliyookolewa leo, mashimo yataidai kesho.

Hapa twawaambia wakulima neno gumu. Anayelia juu ya lumbesa shambani, kisha akafurahia nauli ya lumbesa barabarani, anatumia mizani mbili. Naye mpimaji anayefumba macho kwa ajili ya bahasha ameuza kitu ambacho hakikuwa chake.

Reli mpya iliyoanza kuchukua abiria hadi Dodoma mwaka 2024 yatutia moyo, maana mzigo mzito uendao mbali hufaa zaidi relini, wala haula mafuta mengi. Lakini hata reli ikikaribia, kutoka shambani hadi stesheni bado kutakuwa na lori, na juu ya lori mtu anayeamua gunia la mwisho lipande au libaki. Libaki.