Jina la Nani Kwenye Shuka?

Fundi wa kudarizi ana swali lake moja, na huliuliza kabla hata hajataja bei: "Tuandike nini?" Wateja wengi wanalijibu harakaharaka, bodaboda ikinguruma nje. Andika jina la bwana. Andika herufi mbili, yake na ya mke, weka kopa katikati. Basi, imeisha hiyo. Mimi nadhani swali la fundi ni zito kuliko linavyoonekana, na ukilitazama vizuri ni swali la maadili: nikikupa kitu na kukiandika jina lako, nani amenipa ruhusa ya kuamua wewe unaitwa nani?

Hapa Sumbawanga mavuno yakishaingia ndani, harusi zinaanza, na mafundi wenye mashine za kudarizi wanakuwa na foleni. Watu wanaagiza mashuka, foronya, taulo, aproni za jikoni, sweta za watoto, kofia za kamati. Kazi hii si mpya, kilichobadilika ni maneno. Mama zetu walidarizi kwa mkono, kwa sindano, nyuzi za rangi na fremu ya duara ya kubania kitambaa. Kwenye foronya waliandika Usiku Mwema, Lala Salama, Karibu Mgeni, pamoja na ndege wawili wanaotazamana. Angalia maneno yale, hayamtaji mtu. Shangazi aliyekuja kutoka Laela akalazwa chumba cha watoto naye aliambiwa usiku mwema na foronya ileile.

Kanga nayo iko hivyo. Wenye kanga wakisema "jina la kanga" wanamaanisha yale maneno yaliyoandikwa juu ya pindo la chini. Jina ni la kanga, si la mvaaji. Ndiyo maana mtu anaweza kuipasua doti, kipande akabaki nacho na kingine akampa rafiki, na ujumbe ukawasemea wote wawili. Herufi za jina la mtu zinafanya kinyume. Shuka lenye herufi zako haliwezi kuwa la mwingine bila maelezo.

Faida yake ipo, tusijifanye hatuioni. Aliyesoma bweni anajua shuka lisilo na jina lilikuwa halimalizi muhula. Mashuka ya hospitali za serikali huandikwa MSD kwa sababu hiyohiyo, kwamba hiki kitu kina mwenyewe, usikiguse. Lakini alama ya mwenye mali huwekwa na mwenye mali. Kwenye zawadi anayeiweka ni mtu mwingine, na hapo ndipo mambo yanapogeuka.

Kuna watu wengi huku Ufipa wanaotembea na majina yasiyo yao kifuani. Mji wetu uko mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi inang'ata kwelikweli, kwa hiyo koti la mtumba si urembo. Utamkuta mzee anasukuma baiskeli yenye gunia la mahindi, kifuani ameandikwa Kevin kwa uzi mwekundu. Ajabu ni kwamba nchi hii ilikuwa ikifuma nguo zake yenyewe za pamba katika karne ya 19, kabla vitambaa vya kuletwa havijaishinda kazi hiyo. Leo tunavaa majina ya watu wa Ohio. Hata hivyo yule mzee Kevin hamsumbui hata kidogo. Hakuna anayemwita hivyo, wala Kevin hakuwahi kumdai kitu. Jina linalosumbua ni lile lililo karibu sana na lako, lakini si lako.

Ulaya na Marekani monogramu ya herufi tatu ina utaratibu wake maarufu: herufi ya jina la ukoo inakaa katikati ikiwa kubwa, ya jina la kwanza kushoto, ya jina la kati kulia. Utaratibu huo unadhani kila mtu ana jina la ukoo linalojulikana, na halibishaniwi. Sisi wengi tunaandika majina matatu, langu, la baba na la babu. Ukiiga utaratibu ule bila kufikiri, babu yako ndiye anayekaa katikati ya shuka lako la harusi, wewe na baba yako mko pembeni mnamsindikiza.

Ukielekea mpaka wa Zambia, kuanzia Kalambo hadi Tunduma, mambo yanazidi kunoga. Kwa Wanyamwanga na jirani zao Wamambwe, jina la ukoo lina jinsia. Kaka ni Sinyangwe, dada yake wa tumbo moja ni Nanyangwe. Kaka Simfukwe, dada Namfukwe. Halafu inakuja shule, vinakuja vyeti, inakuja fomu yenye nafasi ya jina la baba, na karani anamwandika binti kwa jina la baba kama lilivyo. Binti anakua akiwa "Si" kwenye karatasi na "Na" kwa bibi yake. Mimi ni mwandishi wa habari, kila siku nawauliza watu majina yao matatu, na kuna wanawake nimewaona wakisita pale kwenye la mwisho.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ni mmoja wao. Baba yake ni mtu wa huko mpakani. Alipokuwa anaolewa, kamati ya sendofu iliamua tumpe pea sita za mashuka yenye herufi moja kubwa pembeni, na mimi ndiye niliyetumwa kwa fundi. Herufi gani? Shangazi yake, dada wa baba, aliyeshika daftari la michango, alitaka M ya bwana. "Anakwenda kwa watu," alisema, "na mashuka yanakwenda kwa watu." Mama mdogo alitaka S kwa sababu ndiyo iliyo kwenye vyeti, na kwenye cheti cha ndoa itaandikwa hivyohivyo. Mtu mmoja akasema tuchore ua tu, tusigombane.

Nikampigia simu mwenyewe, nikaweka spika.

"Andikeni N," alisema.

"Watu watauliza N ni nani," shangazi akadakia.

"Wakiuliza, shangazi, nitawaambia ni mimi na wewe."

Kimya. Kwa maana shangazi naye ni N. Alizaliwa "Na", akaolewa, na kwa miaka zaidi ya thelathini mtaa mzima unamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Hakusema amekubali. Alifunga daftari, akaniambia, "Haya, wahi kabla fundi hajafunga."

Katika mjadala ule hakukuwa na mtu mbaya. Aliyetaka M alikuwa anamtakia ndoa itulie. Aliyetaka S alikuwa anamkinga na usumbufu wa ofisini. Kila mmoja alimpenda, na kila mmoja alikuwa tayari kumshonea mapenzi hayo kwenye kitanda chake. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na tunapenda kuitumia methali hiyo kuwasema matajiri wanaojionyesha. Ila moyo nao una ujanja wake. Ukishatoa, unatamani kuacha alama ndani ya alichopewa mwenzako, na hakuna alama inayoonekana ya upole kama jina lake mwenyewe. Nani atalalamika kwamba umemwandikia jina lake?

Wasomaji wa fasihi watakuwa wameshamkumbuka Hester Prynne. Katika The Scarlet Letter, riwaya ya Nathaniel Hawthorne ya mwaka 1850, mji wa Boston unamlazimisha kuvaa herufi A kifuani kwa kosa la uzinzi. Wakubwa wa mji wanachagua herufi, lakini yeye ni mdarizi hodari, anaichukua na kuizungushia nyuzi za dhahabu mpaka watu wanakasirika kwamba adhabu imekuwa pambo. Miaka inapita, anahudumia wagonjwa, na baadhi ya watu wanaanza kusema A ile ni ya Able, yaani mwenye uwezo. Wengi huisoma kama hadithi ya ushindi. Mimi naona pia gharama yake: miaka mingi ya maisha imetumika kujadiliana na herufi iliyochaguliwa na wengine. Sisi hatumwadhibu bibi harusi, tunampongeza. Lakini herufi isiyo yake itamdai kazi hiyohiyo, ya kila siku kuielezea au kuinyamazia.

Kuna pingamizi mbili nazijua. Ya kwanza, ukimuuliza mtu herufi anayoitaka umeharibu sapraizi. Ni kweli. Nadhani sapraizi ni furaha ya mtoaji zaidi kuliko ya mpokeaji, na ikipungua kidogo hakuna atakayekufa. Ya pili ni ngumu zaidi: mtu mwenyewe hubadilika. Ndoa huvunjika, dini hubadilishwa, jina linaloyeyuka leo linarudi kesho. Fundi atakwambia uzi unafumuliwa, ila matundu ya sindano yanabaki, hasa kwenye kitambaa laini. Hilo sina jibu lake, isipokuwa kwamba matundu ya jina ulilolichagua mwenyewe ni historia yako. Ya jina ulilochaguliwa ni historia ya kamati.

Kwa hiyo ukiagiza, muulize mwenyewe kwanza, na uwe tayari kusikia jibu ambalo waliochanga hawatalipenda. Hapo ndipo pagumu, maana kuuliza ni rahisi, kazi ni kulipeleka jibu kwa fundi kama lilivyo. Kama huwezi kuuliza, au unajua hutakubali jibu, usiandike jina lolote. Mwambie fundi aandike Usiku Mwema. Atalala humo bibi harusi, atalala mtoto, na siku mgeni akiingia ghafla kutoka Laela, naye atalala.